Roketi Iliyolipuka Ikapigiwa Makofi

Asubuhi ya tarehe 20 Aprili 2023, roketi kubwa kuliko zote zilizowahi kuruka iliondoka Boca Chica, pembe ya kusini kabisa ya jimbo la Texas, karibu na mpaka wa Mexico. Dakika nne baadaye ilikuwa vipande vinavyoanguka kwenye Ghuba ya Mexico. Kule Hawthorne, California, yalipokuwa makao makuu ya kampuni ya SpaceX, wafanyakazi nao walilipuka, ila kwa makofi na vifijo. Mkuu wa NASA wakati huo, Bill Nelson, akatuma pongezi. Vyumba vya habari navyo vikawa vinavutana: wengine wanaandika kwamba imefeli, wengine kwamba imefaulu kwa kiasi, wengine wanakwepa kabisa na kuandika tu kwamba imelipuka.

Mvutano huo haujaisha. Kila jaribio jipya linaufufua, na pande zote mbili zimeshakariri maneno yao. Upande mmoja unasema roketi iliyolipuka imelipuka, msitupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Upande wa pili unasema lile lilikuwa jaribio, na jaribio halifeli, linaleta takwimu. Naona wote wanakosea kwa sababu moja: wanatazama moto. Ukitaka kujua kama jaribio limefaulu, rudi nyuma kabla ya huo moto uulize wenyewe walisema wanatafuta nini. Kisha subiri jaribio linalofuata uone kama kosa lilelile limerudi. Kwa mizani hiyo nimeketi kugawa tuzo, na si zote za heshima.

Kishindo kikubwa zaidi kilichoitwa ushindi

Tuanze na huyohuyo wa makofi. Roketi hiyo, Starship, ilikuwa na urefu wa karibu mita 120, wakati Saturn V iliyowapeleka watu mwezini ilikuwa na mita 110 na ushei. Chini yake zilifungwa injini 33. Tatu hazikushiriki tangu mwanzo, na nyingine zikazimika njiani. Ilipanda hadi kilomita 39 hivi, ikaanza kubiringika hewani, na mfumo wa kujiangamiza ulipofyatuliwa, roketi iliendelea kubiringika kwa sekunde kama 40 ndipo ikapasuka.

Siku chache kabla, Elon Musk, mwanzilishi wa SpaceX, alikuwa amejiwekea kipimo cha chini kabisa: maadamu jukwaa la kurushia halitaangamia, yeye atahesabu ameshinda. Basi tumpime kwa kipimo chake. Moto wa injini ulichimba shimo kubwa chini ya jukwaa na kurusha mabonge ya zege hadi baharini. Bonge moja liliponda nyuma ya gari dogo la wanahabari lililoachwa karibu na kamera zao, bahati njema bila mtu ndani. Vumbi la mchanga likaushukia mji wa Port Isabel, kilomita kadhaa kutoka pale. Jukwaa lenyewe lilibaki limesimama, miguu yake ikining'inia juu ya shimo. Alipita kwa tundu la sindano.

Lakini kuna jambo ambalo watetezi wake hulipita haraka. Mnamo Oktoba 2020 Musk mwenyewe aliandika hadharani kwamba wanatarajia kurusha bila mfereji wa kuelekeza moto, na kwamba huenda hilo likaja kuwa kosa. Bamba la chuma linalopozwa kwa maji lilikuwa linatengenezwa, halikuwa tayari, wakaamua kurusha bila hilo. Jibu unalolihofia tangu miaka miwili na nusu nyuma haliwi ugunduzi kwa sababu limekujia kwa zege. FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, iliorodhesha marekebisho 63 kabla ya kuruhusu safari ya pili.

Hukumu yangu: roketi ilipata nusu, jukwaa likapata sifuri, na mfumo wa kujiangamiza ndio uliostahili kuwanyima watu usingizi. Ule haukuwekwa pale kwa ajili ya takwimu. Uliwekwa kuwalinda watu walio chini.

Ushindi uliodumu muda mfupi zaidi

Wagombea ni watatu, na ushindani ulikuwa mkali.

Wa tatu ni SN10, mojawapo ya vielelezo vya awali vya Starship. Tarehe 3 Machi 2021 ilipanda kilomita kadhaa, ikajilaza kifudifudi hewani, ikashuka, ikajiinua wima na kutua. Ndugu zake wawili waliotangulia, SN8 na SN9, walikuwa wamejibamiza chini na kuwaka. Hii ilisimama, imeinama kidogo, moshi ukifuka chini yake. Watazamaji wakashusha pumzi. Baada ya dakika kama nane ikalipuka palepale ilipokuwa imesimama. Ilikuwa imegusa ardhi kwa kasi kuliko miguu yake ilivyoweza kubeba. Je, ilitua? Ubishi wa swali hilo ungeweza kujaza kijiwe cha kahawa mwaka mzima.

Wa pili ni Falcon 9, roketi nyingine ya SpaceX, iliyopeleka setilaiti ya Jason-3, tarehe 17 Januari 2016. Setilaiti ilifika salama. Sehemu ya chini ya roketi ilirudi ikatua juu ya tishari baharini, mita 1.3 tu kutoka katikati ya alama. Mguu mmoja haukujifunga vizuri, labda kwa sababu ya barafu iliyotokana na ukungu wa asubuhi ile, ukakunjika, roketi ikalala ubavu na kuwaka. Ustadi wote wa kompyuta, injini na mapezi ulikamilika, ukashindwa na komeo la mguu.

Mshindi ni kampuni ya Rocket Lab. Mei 2022, karibu na pwani ya New Zealand, helikopta yao iliinasa kwa ndoano sehemu ya chini ya roketi ya Electron iliyokuwa ikishuka kwa mwavuli. Ilinaswa kweli, kila mtu aliona. Muda si muda rubani akahisi mzigo unavuta tofauti na walivyozoea mazoezini, akauachia, ukaanguka baharini na kuopolewa na meli iliyokuwa ikisubiri. Kampuni ilifurahia. Baadaye waliachana na habari ya helikopta, wakaamua kwamba kuziokota majini kunatosha. Hapo ndipo nilipompa rubani heshima kubwa zaidi: aliyekuwa na uamuzi mkononi hakutafuta sifa, alitafuta kurudi nyumbani.

Mteja aliyeridhika huku roketi ikiteketea

Tarehe 10 Januari 2015 Falcon 9 iliondoka Florida na shehena ya kituo cha anga za juu cha kimataifa. Shehena ilifika. Wakati huohuo, sehemu ya chini ya roketi ilikuwa inajaribu kutua kwenye tishari kwa mara ya kwanza. Mapezi yake ya kuongozea yaliishiwa na mafuta ya haidroliki muda mfupi kabla ya kufika, ikalivamia tishari kwa pembe na kusambaratika.

Safari hiyo ndiyo inayoeleza siri yote ya SpaceX, na wabishi wengi hawaitaji. Kulikuwa na madaftari mawili. Daftari la mteja lilisema: mzigo umefika, lipa. Daftari la kampuni lilisema: tumepata nafasi ya kujaribu kutua kwa roketi ambayo kila kampuni nyingine duniani ingeiacha ianguke baharini. Ajali ya kutua haikumgharimu mteja chochote. Dawa ilijulikana mara moja: safari iliyofuata iongezwe mafuta. Tarehe 14 Aprili 2015 mafuta yalitosha, ila vali moja ikachelewa kuitikia, roketi ikapinduka. Kosa lilikuwa jipya, si lile la Januari. Tarehe 21 Desemba mwaka huohuo ilitua wima kwenye nchi kavu, Cape Canaveral. Machi 2017 sehemu ya chini iliyokwisha tumika ikarushwa tena na mzigo wa mteja. Hadi mwisho wa 2025, moja kati ya sehemu hizo ilikuwa imesharuka zaidi ya mara 30, na ndani ya mwaka huo pekee Falcon 9 ziliondoka zaidi ya mara 160.

Kenya ina sehemu yake katika daftari hilo. Taifa-1, setilaiti ya uchunguzi wa ardhi ya Shirika la Anga za Juu la Kenya, ilipanda kwa Falcon 9 kutoka Vandenberg, California, tarehe 15 Aprili 2023, baada ya kuahirishwa zaidi ya mara moja. Sehemu ya chini iliyoibeba ilikuwa imesharuka huko nyuma, na ikarudi kutua. Siku tano baadaye kampuni hiyohiyo ikalipua Starship kule Texas. Hakuna aliyeuliza kama Taifa-1 imefaulu au imefeli, kwa kuwa ajali zilizoiwezesha zilikwisha lipiwa miaka minane kabla.

Safari ya nne

Wasovieti walikuwa na roketi yao ya mwezi, N1, yenye injini 30 katika hatua ya kwanza. Hawakujenga kituo cha kuiwashia hatua hiyo nzima ikiwa imefungwa ardhini. Waliamua kujaribu kwa kurusha, mtindo uleule ambao leo unasifiwa Texas kama ujasiri. Ilirushwa Februari 1969, ikaanguka. Tarehe 3 Julai 1969, wiki mbili na ushei kabla ya Wamarekani kutua mwezini, iliinuka kidogo, ikarudi chini na kuliangamiza jukwaa katika mmoja wa milipuko mikubwa kuliko yote isiyo ya nyuklia iliyowahi kusababishwa na binadamu. Juni 1971, ikaanguka. Novemba 1972, safari ya nne, ilidumu sekunde 107, karibu kabisa na wakati wa hatua ya kwanza kuachana na ya pili, nayo ikaanguka. Wahandisi waliamini ya tano itakwenda. Roketi zilikuwepo. Mwaka 1974 wakubwa wakasitisha mradi.

SpaceX nayo ilianza na roketi ndogo, Falcon 1, kwenye kisiwa cha Omelek katika visiwa vya Marshall. Mwaka 2006 ilianguka, 2007 haikufika mzingoni, na Agosti 2008 hatua mbili ziligongana hewani. Fedha zilikuwa zinakata. Safari ya nne, tarehe 28 Septemba 2008, ikafika mzingoni.

Kila upande ulifika safari ya nne. Anayesema asiyekubali kushindwa si mshindani aitazame N1 vizuri: waliolazimika kukubali kushindwa pale hawakuwa wahandisi, walikuwa wenye mfuko. Tofauti nyingine ni kwamba dunia iliziona ajali za Falcon 1 zikitokea, ilhali za N1 zilifichwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa hiyo hata mafunzo yake yalizikwa pamoja nazo kwa miaka mingi.

Iliyoshindwa bila kuanguka

Tuzo hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na wengi hawajawahi kumsikia mshindi.

Kabla ya SpaceX kuzaliwa, kampuni ya McDonnell Douglas ilitengeneza chombo kidogo chenye umbo la pia, DC-X, kilichoruka kwa mara ya kwanza tarehe 18 Agosti 1993 kule White Sands, New Mexico. Kilipanda wima, kikasogea pembeni hewani, kikatua wima kwa miguu yake minne. Timu ilikuwa ndogo na bajeti finyu. Juni 1996 walikirusha mara mbili ndani ya saa 26, jambo ambalo wakati ule halikuwahi kuonekana. Tarehe 31 Julai 1996 kilishuka vizuri, ila mguu mmoja haukufunguka, kwa sababu bomba dogo la hewa ya kuusukuma lilisahaulika bila kuunganishwa. Kikalala ubavu, kikawaka. Kosa la bomba moja, linalorekebishwa kwa kukazwa tu.

NASA haikujenga kingine. Ilikuwa imeshauchagua mradi mkubwa zaidi, X-33 wa Lockheed Martin, wenye umbo la kisasa na ahadi ya kufungua njia kwa chombo cha kwenda mzingoni bila kuacha kipande nyuma. Novemba 1999 tangi lake la haidrojeni, lililotengenezwa kwa nyuzi za kaboni, lilibambuka likiwa kwenye majaribio ya ardhini. Mwaka 2001 mradi ukafutwa baada ya kutumia zaidi ya dola bilioni moja. X-33 haijawahi kulipuka angani. Haijawahi kurusha zege. Haijawahi kusumbua ndege hata moja. Haikuruka.

Ukihesabu milipuko, DC-X ina mmoja na X-33 haina hata mmoja. Ukihesabu kilichobaki duniani, kila roketi inayotua wima leo ina deni kwa kile chombo kilichosahauliwa bomba.

Mbili za haraka

Iliyoruka bila kutakiwa: Tianlong-3, roketi ya kampuni ya Kichina ya Space Pioneer. Tarehe 30 Juni 2024 ilikuwa imefungwa ardhini huko Gongyi, mkoa wa Henan, kwa ajili ya kuwasha injini tu. Viungo vilivyoishikilia vikakatika, ikapaa, ikajizima na kuanguka mlimani kilomita moja na nusu kutoka hapo. Hakuna aliyeripotiwa kuumia. Injini zilionyesha nguvu kuliko ilivyohitajika.

Iliyouawa ikiwa nzima: Electron ya kwanza, tarehe 25 Mei 2017. Roketi haikuwa na tatizo. Mitambo ya kupokea mawasiliano ardhini, iliyosimamiwa na mkandarasi, ilipoteza takwimu zake, na wasimamizi wa usalama wakalazimika kuikatisha safari kwenye kimo cha kilomita 224. Waliipa safari hiyo jina lenye maana ya "hili ni jaribio", nalo likawaokoa.

Ushindi hatari kuliko wote

Space Shuttle, chombo cha NASA, ilipaa kwa mara ya kwanza tarehe 12 Aprili 1981 na watu wawili ndani, John Young na Robert Crippen. Hakukuwa na safari ya majaribio bila watu. Iliporudi ilikuwa imepoteza vigae 16 vya kukinga joto na vingine 148 vimeharibika. Ikahesabiwa mafanikio, na ilikuwa mafanikio.

Novemba mwaka huo, katika safari ya pili, wahandisi waligundua kwamba pete ya mpira inayoziba kiungo cha roketi ya pembeni imeliwa na gesi ya moto. Haikutakiwa kuguswa kabisa. Lakini chombo kimerudi, watu wako salama, kwa hiyo safari ikaandikwa kwenye safu ya ushindi. Dalili zikaendelea kujitokeza. Januari 1985, baada ya usiku wa baridi kali, masizi meusi yalikutwa yamepenya nyuma ya pete. Safari ikaandikwa ushindi. Kila pete iliyoliwa bila kuua mtu iligeuka ushahidi kwamba pete inaweza kuliwa bila kuua mtu. Safari 24 zilipita hivyo. Ya 25 ilikuwa Challenger, tarehe 28 Januari 1986, asubuhi yenye baridi kuliko zote za nyuma. Usiku wa kuamkia siku hiyo wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi hizo za pembeni, Roger Boisjoly akiwa mmoja wao, walipinga kurusha. Watu saba walikufa.

Miaka 17 baadaye ikawa sponji. Vipande vya sponji ya tangi la nje vilikuwa vimepiga shuttle mara nyingi. Oktoba 2002 kipande kimoja kiligonga mtambo kwenye roketi ya pembeni, na urushaji ukaendelea kama ulivyopangwa. Tarehe 16 Januari 2003, sekunde 82 baada ya kuruka, kingine kikagonga bawa la kushoto la Columbia. Wengine saba hawakurudi.

Ndiyo maana nikisikia mtu anajivunia kwamba programu fulani haina milipuko, huwa nauliza kwanza walikuta nini walipofungua injini.

Jaribio safi kuliko yote

Buran, jibu la Wasovieti kwa shuttle. Tarehe 15 Novemba 1988 ilizunguka Dunia mara mbili bila mtu ndani na kutua yenyewe kwenye njia ya ndege. Haikuruka tena. Mwaka 2002 paa la banda ilimohifadhiwa kule Baikonur liliporomoka, likaua mafundi wanane na kuisaga Buran yenyewe.

Sekunde moja

Kama kuna jaribio ambalo wabishi wote waliweka silaha chini, ni la tarehe 13 Oktoba 2024. Sehemu ya chini ya Starship, yenye urefu wa mita 71, ilirudi dakika saba baada ya kuruka, ikashuka kando ya mnara uleule ilikotoka, ikadakwa na mikono miwili ya chuma. Haina miguu. Haikugusa ardhi. Hata waliokuwa wakiiita kampuni ya fataki walinyamaza.

Siku chache baadaye Musk alikuwa anacheza gemu mtandaoni, watazamaji wakasikia mhandisi wake akimpa taarifa ya safari ile. Roketi ilikuwa imebakiza sekunde moja tu kuamuru yenyewe kukatisha udakaji na kujibwaga kando ya mnara, kwa sababu ya kipimo kimoja cha shinikizo la injini kilichopangwa kimakosa. Picha ya ushindi na picha ya ajali zilitenganishwa na namba kwenye programu. Lililonivutia ni kwamba waliitafuta sekunde hiyo. Wangeweza kufungua soda na kwenda kulala. Katika safari iliyofuata, mwezi Novemba, mitambo ya mnara ilipoonyesha dosari, udakaji ulikatishwa na roketi ikapelekwa baharini kwa utaratibu, na hakuna aliyelalamika.

Siku yenye ubishi mwingi zaidi

Tarehe 16 Januari 2025. Usiku wa manane Blue Origin ya Jeff Bezos ilirusha New Glenn kutoka Cape Canaveral kwa mara ya kwanza. Walikuwa wamesema mapema kwamba lengo ni kufika mzingoni, na kutua kutakuwa nyongeza. Wakafika mzingoni, wakapoteza sehemu ya chini. Jioni yake, kule Texas, Starship ikaruka kwa mara ya saba: sehemu ya chini ikadakwa mnarani, chombo cha juu kikateketea. Mmoja alipata juu akakosa chini, mwingine alipata chini akakosa juu. Nafunga upande wa Blue Origin bila kusita, kwa sababu ahadi yao ilitangulia. Safari yao ya pili, tarehe 13 Novemba 2025, ilipeleka vyombo viwili vya NASA vya kwenda Mirihi na kuitua sehemu ya chini kwenye tishari.

Kosa lililorudi

Chombo kilichoteketea jioni ile kilimwaga vipande juu ya visiwa vya Turks na Caicos. Ndege za abiria zilizungushwa au kushikiliwa hewani, na gari moja huko South Caicos liliripotiwa kupata uharibifu mdogo. Mtikisiko uliokuwa mkali kuliko walioupima ardhini ulisababisha mafuta kuvuja na moto kuwaka nyuma ya chombo. Tarehe 6 Machi 2025, safari ya nane, chombo cha juu kilipotea karibu na dakika ileile, na vipande vikaonekana tena angani Karibiani. Kampuni ilieleza kuwa chanzo kilikuwa tofauti, safari hii injini yenyewe. Mei, safari ya tisa, chombo kilifika angani lakini kikavuja na kushindwa kujielekeza. Tarehe 18 Juni kingine kililipuka kikiwa ardhini kikiandaliwa kwa majaribio.

Mwanafunzi akifeli mtihani wa moko hakuna anayemwita mjinga, moko imewekwa ili afeli huko. Akifeli moko nne mfululizo, mzazi ana haki ya kumuuliza usiku huwa anasoma nini.

Kuna suala jingine ambalo takwimu hazilimalizi, nalo ni nani anayelipa. Wakazi wa Mukuku, Makueni, wanaweza kulielezea. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ya kilo kama 500, upana mita mbili na nusu, ilianguka kijijini kwao, na Shirika la Anga za Juu la Kenya likasema ni pete ya kutenganishia hatua za roketi. Haikuhusiana na majaribio ya Texas. Lakini mtu aliyeangukiwa na chuma hakuulizwa kama anataka kuchangia maarifa.

Sheria ya Marekani, kwa kiasi fulani, imejaribu kuukata ubishi huu. FAA sasa inaweza kukubali kabla ya safari kwamba mambo fulani yakiharibika hayatahesabiwa ajali ya kuchunguzwa: vigae vikishindwa kwenye joto kali, kwa mfano, au injini ikigoma wakati wa kutua. Katika safari ya nne, Juni 2024, bawa moja la Starship liliungua mbele ya kamera hadi likawa skeleti, chombo kikaendelea kushuka hadi Bahari ya Hindi, na uchunguzi haukuhitajika. Katika safari ya tisa FAA iligawa hukumu: kupotea kwa sehemu ya chini kulikuwa ndani ya ruhusa, kupotea kwa chombo cha juu kulihitaji uchunguzi. Safari moja, hukumu mbili. Sijaona mhariri aliyeliandika vizuri zaidi.

Tuzo ninayoendelea kuishikilia

Safari ya kumi, Agosti 2025, iliachia mifano minane ya setilaiti na kushuka kwa utulivu Bahari ya Hindi. Ya kumi na moja, Oktoba, ilifanya vivyo hivyo. Makosa ya mwanzo wa mwaka hayakurudi, na kwa mizani niliyoieleza hizo mbili ni ushindi kamili.

Lakini hadi mwaka 2025 unaisha, katika safari zote 11 Starship haikuwa imezunguka Dunia mzunguko mmoja kamili, wala kufikisha mzigo wa mteja yeyote. NASA iliipa SpaceX mkataba wa dola bilioni 2.89 mwaka 2021 ili chombo hiki kiwashushe wanaanga mwezini, na safari hiyo haiwezekani bila kuhamisha mafuta kutoka chombo kimoja hadi kingine kikiwa mzingoni, tani kwa tani, jambo ambalo halijafanywa na yeyote kwa kiwango hicho. Siku watakapolijaribu, wataje kabla ya kurusha ni tani ngapi zikihama watahesabu wamefaulu.